Difu Dhaifu Chini ya Gari la Urithi

Wazee wetu wa pwani walituachia neno linalojulikana na wadogo kwa wakubwa: usione vyaelea, vimeundwa. Jahazi likiwa baharini, watazamaji huvutiwa na tanga lililojaa upepo. Aliyeliunda huwazia mkuku, mataruma na mlingoti, kwa kuwa ajua kwamba nahodha atakayetundika tanga kubwa kuliko lile alilopimiwa haongezi mwendo peke yake. Aongeza pia mzigo juu ya mti ule ule wa zamani, na mti ukivunjika, huvunjika mbali na bandari.

Gari nalo lina mti wake wa namna hiyo. Aliyepata kuinama akatazama chini ya lori au pikapu ameliona bonge la chuma la mviringo katikati ya magurudumu mawili ya nyuma, limeganda vumbi na mafuta. Mafundi wetu huliita difu. Difu hiyo, pamoja na mabomba yake mawili ya kushoto na kulia, na shafti zipitazo ndani ya mabomba hayo hadi kwenye magurudumu, ndiyo ekseli ya nyuma. Injini husifiwa na rangi hutazamwa, lakini difu haikumbukwi mpaka siku inapolia.

Juma hili twataka kuzungumza juu ya ekseli hizo katika magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970, ambayo huko kwao yametunzwa na kurithishwa mpaka leo. Wenye magari hayo hupenda kuyatia injini zenye nguvu zaidi, kisha wengi wao hujikuta wamevunja ekseli. Hapo ndipo huanza kazi ya kuitia nguvu, au kuiondoa na kuweka nyingine. Ni kazi ya vipimo na ya gharama, na ndani yake mna jambo linalomhusu kila mwenye chombo kinachobeba watu, hata kama hatamiliki gari la Kimarekani maishani mwake.

Tuweke mfano ili maneno yasiende hewani. Tuseme yupo baba mmoja huko Marekani aliyerithi kwa marehemu babake Ford Mustang ya mwaka wa 1966. Marehemu alilinunua likiwa jipya, akachagua lenye injini ndogo kwa sababu fedha zake ziliishia hapo. Sasa mjukuu, kijana wa miaka ishirini, ataka litiwe injini ya silinda nane, na baba ameridhia. Wote wawili wamekwisha kuichagua injini. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama nyuma.

Kila injini na ekseli yake

Ford iliizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964 mjini New York, kwa bei ya kuanzia ya dola 2,368. Bei hiyo iliwezekana kwa kuwa gari lilijengwa kwa vipande vingi vya gari jingine dogo la kampuni hiyo hiyo, Falcon. Katika mwaka wa 1966, aliyelipa kidogo alipata injini ya silinda sita ya lita 3.3, yenye nguvu za farasi 120. Aliyeongeza fedha alipata V8, yaani silinda nane, ya lita 4.7, kwa daraja tatu: nguvu za farasi 200, 225 au 271. Hesabu hizo ni za desturi ya wakati ule, injini ikipimwa juu ya meza ya majaribio bila ya kubebeshwa vyote inavyobebeshwa ndani ya gari. Hata hivyo zatosha kwa kulinganisha.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawakulitazama ni kwamba kiwanda hakikubadilisha injini peke yake. Ndani ya difu mna gurudumu kubwa la meno, ambalo mafundi huliita krauni, na gia ndogo inayolizungusha, iitwayo pinioni. Ekseli za Kimarekani aghalabu hutajwa kwa upana wa krauni. Gari la silinda sita lilipewa krauni ya inchi 7.25, yaani sentimita 18.4. Gari la V8 ya daraja mbili za chini lilipewa ya inchi 8, ambazo ni sentimita 20.3. Lile la nguvu za farasi 271 lilipewa ya inchi 9, sentimita 22.9.

Tofauti hazikuishia hapo. Gurudumu la silinda sita lilishikwa kwa nati nne, la V8 kwa nati tano. Dramu za breki za silinda sita zilikuwa za inchi 9, za V8 inchi 10. Hata vyuma vya mbele vinavyobeba magurudumu, na fito za usukani, vilikuwa vyembamba zaidi katika gari la silinda sita. Kwa maneno mengine, magari mawili yaliyofanana sura barabarani hayakuwa gari moja chini.

Kwa hiyo tukisema ekseli ya inchi 7.25 ni dhaifu, tusiidhulumu. Wahandisi waliipimia injini ya nguvu za farasi 120, na kwa kazi hiyo ilitosha. Ziko nyingi ambazo zimebeba watoto shuleni na wazee hospitalini kwa miongo kadhaa bila ya kuvunjika. Udhaifu wake hudhihirika pale tu inapobebeshwa kazi ambayo haikuumbiwa, na mwenye kuibebesha si kiwanda.

Nguvu huongezeka ikielekea nyuma

Huenda msomaji akauliza: ikiwa injini ndiyo yenye nguvu, mbona kinachovunjika ni kilicho mbali nayo? Jibu limo katika gia. Injini huzunguka upesi lakini kwa msukumo mdogo. Giaboksi hupunguza mzunguko na kuongeza msukumo, na difu hufanya hivyo mara ya pili. Tuseme gia ya kwanza huzidisha msukumo mara 2.8, na difu huzidisha mara 3. Ukizidisha moja kwa nyingine, kinachofika kwenye shafti za magurudumu ni mara 8.4 ya kilichotoka kwenye injini.

Sasa tutazame zile injini mbili. Ya silinda sita ilitoa msukumo wa futi-pauni 190 ilipokuwa katika hali yake bora, na V8 ya daraja la chini ilitoa 282. Mbele, tofauti yao ni 92. Nyuma, baada ya gia, tofauti hiyo imekuwa zaidi ya 770. Kijana akiongeza nguvu kidogo chini ya boneti, ameongeza nyingi mno chini ya kiti cha nyuma.

Hapo bado hatujataja kishindo. Dereva akiachia klachi ghafla huku injini ikivuma, uzito wote unaozunguka hutupwa juu ya pinioni kwa mpigo mmoja. Zamani tairi nyembamba zilisaidia, kwani ziliteleza kabla chuma hakijakatika. Tairi pana za leo hushika lami na kukataa kuteleza, na kisichoteleza hutafuta mahali pa kuvunjika.

Pia kuna mdundo. Magari mengi ya wakati huo yalishikiliwa nyuma kwa springi ndefu za vyuma bapa. Injini ikisukuma kwa nguvu, ekseli nzima hujaribu kujizungusha kinyume, springi hujikunja, kisha huachia, na magurudumu hudundadunda juu ya barabara. Kila mdundo ni nyundo juu ya meno ya krauni. Chevrolet Camaro ilipotoka mwaka wa 1967 ilikuwa na springi ya bapa moja tu kila upande, ikasifika kwa mdundo huo. Mwaka uliofuata magari yenye injini kubwa yakapewa springi za bapa kadhaa, na vyuma vya kuzuia mtikiso vikapangwa kimoja mbele ya ekseli na kingine nyuma yake. Somo lake ni kwamba mara nyingine ekseli hulaumiwa kwa kosa la springi.

Ekseli inayokaribia kushindwa hutoa dalili kabla ya siku yake. Husikika mvumo unaobadilika dereva anapokanyaga na anapoachia mafuta, au mgongano dereva anapobadilisha gia kutoka mbele kwenda nyuma. Mafuta huvuja yakalowesha upande wa ndani wa gurudumu na kuingia kwenye breki. Mafuta ya difu yakimwagwa, huonekana vipande vya chuma ndani yake. Unga laini kama majivu ni uchakavu wa kawaida, lakini kipande kinachoshikika kwa vidole ni onyo.

Udhaifu si wa mahali pamoja

Anayetaka kutibu na ajue ugonjwa ulipo. Si kila ekseli inayoitwa dhaifu ina krauni ndogo.

Tuchukue Jeep CJ zilizotengenezwa tangu 1976 hadi 1986 kwa ekseli iitwayo AMC 20. Krauni yake ina upana wa inchi 8.875, nayo si ndogo hata kidogo. Udhaifu wake uko mwishoni: shafti na kitovu cha gurudumu ni vipande viwili, kitovu kimeshindiliwa juu ya ncha ya shafti na kuzuiwa kwa kipande kidogo cha chuma na nati. Nati ikilegea au kazi ikizidi, shafti huzunguka peke yake na gurudumu hubaki limesimama. Dawa yake haihitaji kuitupa ekseli nzima. Hununuliwa shafti zilizotengenezwa pamoja na kitovu, kipande kimoja, na kiungo kilichokuwa kikilegea huwa hakipo tena.

Kwa General Motors hali ni nyingine. Mafundi huzitambua ekseli zake nyingi kwa idadi ya bolti za kifuniko cha nyuma. Ile ya bolti kumi ya inchi 7.5, iliyotumika katika magari mengi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ina krauni na pinioni ndogo, na hapo hapana hila. Anayetaka nguvu nyingi huiondoa. Ile ya bolti kumi na mbili, yenye krauni ya inchi 8.875, iliwekwa katika magari ya Chevrolet yenye injini kubwa hadi mwaka wa 1972, na mpaka leo hutafutwa. Asiyejua huhesabu bolti akadhani amepata hazina, kumbe ziko za malori zenye bolti kumi na mbili pia ambazo si sawa na za magari madogo. Hesabu ya bolti ni mwanzo wa uchunguzi tu.

Chrysler nao walikuwa na daraja zao. Magari madogo ya Dodge Dart na Plymouth Valiant yenye silinda sita yalipewa krauni ya inchi 7.25, kama ile ya Ford kwa kipimo ingawa si kwa muundo. Yenye nguvu yalipewa ya inchi 8.75. Yale yaliyobeba injini kuu ya Hemi pamoja na giaboksi ya mkono ya gia nne yalipewa Dana 60, yenye krauni ya inchi 9.75, ekseli ya ukoo ule ule unaobeba malori.

Njia zilizo mbele ya mrithi

Tumrudie yule baba na mwanawe. Mbele yao ziko njia nne.

Ya kwanza ni kuliacha gari lilivyo. Aghalabu njia hii haitajwi kwa kuwa haina cha kununua, lakini ni njia kamili. Injini ya silinda sita ikitengenezwa vizuri, ekseli ikabadilishwa sili, beringi na mafuta, gari litatembea kama marehemu alivyolitembeza. Tena litabaki ushahidi wa kile alichomudu, na ushahidi huo ni sehemu ya urithi.

Ya pili ni kutafuta ekseli ya inchi 8 iliyotoka katika Mustang nyingine ya V8 ya miaka hiyo. Faida yake ni kwamba huingia mahali pake bila ya kukata wala kuchomelea. Springi hukaa pale pale, na breki kubwa huja nayo. Kwa injini ya V8 ya kawaida na dereva mwenye mguu mwepesi, yatosha. Kwa injini iliyoongezwa nguvu na klachi inayoachiwa kwa kishindo, haitoshi.

Ya tatu ni ekseli ya inchi 9. Ford iliitumia tangu mwaka wa 1957 hadi 1986, katika magari madogo, pikapu na Bronco. Sifa zake ni tatu. Pinioni yake haikushikwa kwa beringi mbili tu kama nyingi nyingine, bali ina ya tatu kwenye ncha ya ndani, hivyo msukumo ukizidi haisogei mbali na krauni. Gia zote hutoka kwa mbele zikiwa zimepangwa juu ya kipande kimoja, kwa hiyo fundi huzipima mezani badala ya kulala chini ya gari. Na shafti zake huzuiwa kwa bamba lenye bolti nne kwenye mwisho wa bomba. Kasoro yake ni kwamba pinioni huigusa krauni chini sana, meno yakasuguana zaidi, na sehemu ya nguvu ikapotea kuwa joto. Kasoro nyingine ni bei. Ekseli hiyo imependwa mno, hata leo viwanda huitengeneza upya yote, kasha, gia na shafti.

Ya nne ni ya mwenye fedha kidogo na fundi mzuri. Gari la familia la Ford Explorer, lililotengenezwa kwa wingi tangu mwaka wa 1991, lilikuwa na ekseli ya inchi 8.8 hadi mwaka wa 2001. Shafti zake ni nene, zenye meno 31 kwenye ncha. Nati za magurudumu ni tano, kwa nafasi ile ile ya Mustang ya V8. Na tangu mwaka wa 1995 zilikuja na breki za diski. Kwa miaka mingi ekseli hizi zilipatikana kwa bei nafuu katika yadi za kuvunjia magari.

Shida yake ni upana. Ekseli ya Explorer ina upana wa kama inchi 59 na nusu, ilhali ya Mustang ya 1966 ni kama inchi 57 na robo. Ikiingizwa hivyo hivyo, tairi huweza kugusa bodi. Tena difu yake haikukaa katikati. Bomba la kushoto ni refu kuliko la kulia. Mafundi wakaona kwamba kasoro hizo mbili hutibiana. Hukatwa takriban inchi 3 katika bomba refu, kisha hununuliwa shafti ya pili ya upande mfupi, na shafti mbili zilizo sawa huingia kushoto na kulia. Upana huwa karibu inchi 56 na nusu, na difu husogea karibu na katikati. Hakuna shafti inayohitaji kuchongwa upya.

Hata hivyo njia hii ina jambo la kutahadhari. Shafti za ekseli hiyo, kama za Chevrolet nyingi, hazikuzuiwa kwenye mwisho wa bomba. Huzuiwa ndani ya difu kwa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la herufi C. Shafti ikikatika katikati, kile kipande hubaki ndani na nusu iliyokatika huwa haina kizuizi. Huweza kutoka nje pamoja na gurudumu gari likiwa mwendoni. Breki za diski husaidia kulizuia kidogo, lakini breki haikuundwa kwa kazi hiyo. Kwa gari linalosukumwa kwa nguvu nyingi, hufungwa vizuizi vipya vya mwisho wa bomba, au huchomelewa ncha za ekseli ya inchi 9. Ni gharama, lakini anayeiondoa katika hesabu na akumbuke ni nani hukaa kiti cha nyuma.

Kazi ya kubadilisha

Ekseli ikishapatikana, kwanza hujulikana uwiano wake. Njia iliyo yakini ni kuhesabu meno. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 11 ni uwiano wa 3.73, meno 39 kwa 11 ni 3.55. Uwiano mkubwa hulifanya gari kuondoka upesi, lakini huichosha injini katika safari ndefu. Kwa tairi yenye kimo cha inchi 25, gari likienda maili 60 kwa saa kwa gia ya juu ya moja kwa moja, injini huzunguka takriban mara 2,400 kwa dakika ikiwa uwiano ni 3.00, na mara 3,000 ikiwa ni 3.73. Anayelitumia gari kwa safari na achague kwa kusikiliza masikio ya wenzake, si kwa mguu wake peke yake.

Pili ni uchomeleaji. Kasha la difu ya 8.8 ni chuma cha kumimina, na mabomba ni chuma cha kawaida yaliyoshindiliwa ndani yake. Msukumo ukizidi, mabomba huweza kujizungusha ndani ya kasha, ndiyo maana hukamilishwa kwa kuchomelewa pande zote. Chuma cha kumimina hupasuka kikichomelewa baridi, hivyo hupashwa moto kwanza na kutumiwa vijiti vyake maalumu. Na kila uchomeleaji huvuta chuma. Fundi mwaminifu hupitisha mtaimbo ulionyooka tangu mwisho wa bomba moja hadi wa jingine, ukipita katika nafasi za beringi, ili ahakikishe kwamba ekseli haikupinda. Ekseli iliyopinda hula beringi na tairi, na mwenyewe hatajua sababu.

Tatu ni vikalio vya springi. Hivi huchomelewa mwisho kabisa, gari likiwa limebeba uzito wake wote, kwa sababu ndivyo vinavyoamua pinioni itazame wapi. Mstari wa giaboksi na mstari wa pinioni hutakiwa kwenda sambamba, ili viungo viwili vya propela vitibuane mtikiso wao. Katika gari la springi za bapa, pinioni huinamishwa chini kidogo, digrii moja au mbili, kwa kuwa injini ikisukuma pua yake huinuka. Aliyechomelea kwa haraka gari likiwa juu ya jeki husikia mtetemo siku ya kwanza, na hulazimika kukata alichokiunga.

Nne ni gia zenyewe. Kati ya meno ya krauni na ya pinioni huachwa nafasi ndogo mno, takriban sehemu 8 hadi 12 za elfu moja ya inchi. Fundi hupima nafasi hiyo kwa saa maalumu, kisha hupaka meno rangi na kuyazungusha, atazame alama imekaa wapi juu ya jino. Kazi hii haikubali makisio. Asiye na saa ya kupimia na ampelekee aliye nayo.

Baada ya hapo yabaki madogo yanayosahauliwa. Propela hukatwa kwa urefu mpya na kusawazishwa. Kebo za breki ya mkono huunganishwa. Gia ndogo ya saa ya mwendo hubadilishwa, kwani uwiano mpya huifanya idanganye. Tundu la kupumulia la ekseli husafishwa. Likiziba, joto husukuma mafuta yapite kwenye sili hadi kwenye breki. Difu yenye klachi ndani hutiwa dawa yake pamoja na mafuta. Gari huendeshwa taratibu kwa robo saa, likaachwa lipoe kabisa, halivutishwi mzigo mwanzoni, na mafuta humwagwa na kubadilishwa baada ya maili 500.

Na lipo jambo moja ambalo wengine hulifanya ili wapunguze gharama: huchomelea gia ndogo za ndani ya difu ziwe kitu kimoja, magurudumu yote mawili yazunguke sawa daima. Katika uwanja wa mashindano wana udhuru wao. Katika barabara ya watu, hasa yenye mvua, gari la namna hiyo hukataa kukata kona na huweza kuteleza nyuma bila ya onyo. Hilo twalikataza bila ya kusitasita.

Haki ya abiria na haki ya mnunuzi

Msomaji sasa ameona kwamba swali la yule kijana halikuwa la injini. Akitia V8 akaacha ekseli ya nati nne, amejitengenezea mahali pa kuvunjika. Akibadilisha ekseli akaacha breki za mbele na fito za usukani za silinda sita, udhaifu haukuondoka; umehama kutoka nyuma kuja mbele. Kazi iliyo kamili ni kuhesabu njia yote ambayo nguvu hupitia tangu injini hadi lami, na njia yote ya kuisimamisha. Ikiwa fedha hazifiki mwisho wa njia hiyo, basi injini na ingoje. Kungoja mwaka mmoja si aibu.

Iko pia haki ya atakayelinunua gari kesho. Mustang ya silinda sita iliyogeuzwa kuwa V8 huonekana sawa na iliyotoka kiwandani na V8, na bei zake hutofautiana sana. Ekseli iliyokatwa na kuungwa ni halali kutumika ikiwa imeungwa vizuri, lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa ilikatwa wapi, na nani, na ndani mna vizuizi gani. Kuficha kasoro katika biashara ni dhuluma, na hapa dhuluma yaweza kumfikia mtu akiwa mwendoni na watoto wake garini. Kwa hiyo na aandike kila kitu katika daftari: gari lililotoa ekseli, uwiano, namba za beringi na sili, tarehe ya mafuta. Daftari hilo likae garini, limsaidie fundi wa baadaye na limlinde mwenye kuuza.

Nasaha yetu kwa yule baba, na kwa kila aliyerithi chombo, ni fupi. Kabla ya kununua injini, liinue gari, liweke juu ya vigingi imara, usiiamini jeki peke yake. Mwite mwanao alale chini pamoja nawe. Mwonyeshe nati nne za gurudumu, mweleze maana yake. Zungusha gurudumu kwa mkono, msikilize difu nyote wawili. Fungua mafuta yake, myatie kwenye karai safi, mtazame kilichomo. Halafu mzungumze habari ya injini.